Mashua ya zamani: ninunue au niache?

SWALI: Ninataka kuanza uvuvi na fedha zangu ni kidogo. Nimepata mashua ya mbao iliyotumika miaka mingi, bei yake nafuu. Ninunue?

JIBU: Nunua iwapo mkuku na mataruma (mbavu za chombo) ni vizima, vinginevyo, iache. Bei ya chombo chakavu si ile anayotaja mwenye nacho, bali ni hiyo pamoja na gharama ya kukirudisha baharini salama. Tanga lililochanika hushonwa, mlingoti hubadilishwa, na ubao mmoja wa ubavuni hung'olewa ukatiwa mwingine. Mkuku ndio uti wa mgongo: ukioza, fundi hulazimika kukifumua chombo, na gharama yake yaweza kukaribia ya kuunda kipya. Kwa hiyo ikague mashua wakati wa maji kupwa, ikiwa imelala mchangani. Choma mbao kwa ncha ya kisu, hasa kwenye maungio: kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, hapo pameoza. Tazama pia vitundu vya wadudu watoboao mbao, na weusi wa kutu kuzunguka misumari.

Utaambiwa kila mashua huvuja, dawa ni kalafati. Ni kweli, pamba na mafuta huziba nafasi kati ya mbao, lakini haviponyi mbao iliyooza. Utaambiwa pia mashine ni mpya. Mashine huhamishika, lakini chombo kikizama, huzama nayo. Mlipe fundi wako, si wa muuzaji, aikague mashua kabla hujatoa hata arubuni.