Kisu cha Sungura, Kuku na Mbuzi: Namna ya Kukichagua Ukiwa Moshi

Wiki ya Krismasi, mabasi ya Dar es Salaam yanaposhusha watu Himo, Marangu Mtoni na Mwika, visu huwa na kazi kuliko wakati wowote wa mwaka. Karibu kila nyumba ina visu vitatu au vinne jikoni, ila cha kuchunia huazimwa kwa jirani, kwa sababu vile vya nyumbani vilinunuliwa kwa kumeta na si kwa kukata. Makala haya yanamhusu anayetaka kuacha kuazima: mwenye sungura wachache kwenye banda nyuma ya nyumba, kuku wa kienyeji, pengine kanga, na mbuzi wa sikukuu.

Wanyama ninaowazungumzia ni wa kufugwa. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu unaouzunguka mlima ukaingizwa ndani yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila leseni, hata kama mawindo yenyewe ni kwale au digidigi. Kule juu kuna minde, swala wa msituni anayepatikana Tanzania peke yake, na wamebaki wachache. Tumwache. Sungura wa bandani anatosha kabisa kumfundisha mtu kazi ya kisu.

Jambo la kwanza ni urefu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu akifikiria kuchinja anafikiria kisu kirefu, kizito, cha kutisha. Lakini kazi ya kuchuna sungura au kupasua kuku hufanyika kwenye nafasi isiyozidi upana wa kiganja. Ubapa wa sentimita 8 hadi 10 unatosha. Kwa mbuzi, panda hadi sentimita 12 au 15. Ukizidisha hapo, ncha inakuwa mbali na vidole, huioni inakokwenda, na ndiyo inayotoboa utumbo au kupasua nyongo. Nyongo ikishapasuka ndani ya kuku, ini lote limeharibika kwa uchungu, na kusuuza hakusaidii sana. Kisu kifupi kinakuruhusu kuweka kidole cha shahada juu ya mgongo wake na kuiongoza ncha kwa hisia, hata pale macho yasipofika.

Unene nao una maana. Mgongo wa kisu cha mnyama mdogo usizidi sana milimita 2. Kisu kinene hakikati, kinapanua. Kinaisukuma nyama pembeni badala ya kupita katikati yake. Ndiyo maana panga halifai hapa, hata likinolewa vipi. Panga linavunja mfupa wa sungura na kuacha vipande vyenye ncha ambavyo mtoto atakuja kuvimeza kwenye mchuzi. Mnyama mdogo hakatwi mifupa, hupitishwa kisu kwenye maungio: unakunja kiungo, unatafuta gegedu kwa ncha, unakata, kinaachia chenyewe. Kwetu hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa nyama ya Uchagani ina wenyewe. Mwanaanthropolojia wa Marekani Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti wake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, aliandika jinsi mgao wa nyama unavyofuata ukoo na umri. Fungu la mzee likifika limepondwapondwa, kila mtu anajua aliyekata hakuwa na kisu.

Kuhusu umbo, tafuta ubapa ambao makali yake yanapinda taratibu kuelekea ncha. Mpindo huo ndio unaotenganisha ngozi na nyama bila kutoboa ngozi. Ncha iwe kali ya kuanzia mkato, lakini isiwe nyembamba kama sindano, maana itavunjika kwenye kiungo cha kwanza cha mbuzi. Visu vyenye meno kama msumeno viache kwa mkate. Vinachana nyama, na havinoleki nyumbani.

Sasa chuma. Sokoni, iwe ni Mbuyuni au Soko Kuu, utakuta aina mbili. Ya kwanza ni chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu ya zaidi ya asilimia 10. Visu vya bucha vya viwanda vikubwa kama Tramontina ya Brazil au Victorinox ya Uswisi, vyenye mipini ya plastiki, ni vya aina hiyo. Vikiwa halisi ni visu vizuri sana na sina neno baya juu yake. Shida ni vile vyembamba visivyo na jina, vinavyong'aa kama kioo, ambavyo chuma chake ni laini kiasi kwamba makali yanalala kabla hujamaliza mbuzi mmoja. Aina ya pili ni chuma cha kaboni, na kwa huku kwetu maana yake ni springi za gari zilizofuliwa na mhunzi. Springi hutengenezwa kwa chuma kinachostahimili kupinda na kurudi, chenye kaboni karibu asilimia 0.6. Kinashika kutu upesi, hilo ni kweli. Lakini kinanoleka kwa kinoo cha kawaida, makali yake ni matamu, na ukikitunza kitakata miaka na miaka.

Bahati yetu ni kwamba wahunzi hawajatoweka. Mamba, upande wa Marangu, bado wanafua visu na mikuki kwa moto wa mkaa na mivukuto. Ufundi huu una mizizi mirefu: zamani Wachagga walitegemea chuma kutoka Upare, hasa Ugweno, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Ukienda kwa mhunzi usinunue tu kilichotundikwa kwa ajili ya watalii, maana hicho kimetengenezwa kwa ukuta. Muagize fundi. Mwambie: nataka cha springi, ubapa sentimita 12, mgongo mwembamba, na msuka ufike mwisho wa mpini. Kisha muulize anavyokitia maji. Fundi mzuri hukipasha mpaka sumaku isikishike tena, yaani joto la karibu nyuzi 770, akakizamisha kwenye mafuta, halafu akakirudisha kwenye moto mdogo mpaka chuma kilichosuguliwa kionyeshe rangi ya nyasi kavu. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Kisu kisichorudishwa motoni kina ugumu wa chupa, na kikidondoka sakafuni kinaweza kupasuka.

Kabla hujatoa pesa, kijaribu. Shika kisu makali yakikutazama, upande wa mwanga: makali mazuri hayaonekani, ila palipobutuka patang'aa kama uzi mweupe. Kiangalie kwa urefu kutoka kwenye mpini uone kama kimenyooka. Omba tupa na uipitishe taratibu karibu na mpini. Ikiteleza kabisa bila kushika, kisu ni kigumu mno. Ikichimba kwa urahisi, ni laini. Ikishika kidogo kwa kusita, hapo umepata. Bonyeza ncha kwenye ubao ipinde kidogo, kisha uachie. Inapaswa kurudi ilipokuwa.

Mpini watu wanautazama mwisho, ilhali ndio unaokulinda. Lowesha mkono ndipo ukishike, kwa sababu siku ya kazi mkono utakuwa na damu na mafuta. Mpini ukizunguka kiganjani, kiache hata kama ubapa ni mzuri. Msuka upite mpini wote na ufungwe kwa ribiti mbili au tatu; ule uliochomekwa nusu na kujazwa gundi utalegea. Kwa mbao, mti mkavu wa mbuni mzee unafaa sana: ni mgumu, una nyuzi zilizoshikana, na kwenye kihamba haukosekani shamba linapofanyiwa upya. Grevilea ni laini kwa kazi hii.

Kusiwe na ufa wowote mahali ubapa unapokutana na mpini. Hapo damu hukaa, na damu ya mnyama hubeba magonjwa. Utafiti uliofanyika katika hospitali za KCMC na Mawenzi, hapahapa Moshi, mwaka 2007 hadi 2008, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafuata wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Magonjwa yatokayo kwa wanyama, kama homa ya mgunda, homa ya Q na brusela, yalionekana kuwa sababu kubwa ya homa hizo. Kwa hiyo osha kisu kwa maji ya moto na sabuni, kabla na baada. Ukiwa na jeraha mkononi, vaa glavu au mwachie mwingine. Na mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe usimguse kwa kisu chochote: inaweza kuwa kimeta, na kumpasua ni kuvitawanya vimelea vyake kwenye udongo wa shamba lako. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata.

Kisu cha kuchinjia kitenge, kama uwezo upo. Cha kuchunia ni kifupi. Cha kuchinjia kinapaswa kuwa kirefu kuliko upana wa shingo, ikiwezekana mara mbili yake, kiwe kimenyooka na kikali kiasi cha kumaliza kwa mpito mmoja. Kwa Waislamu kukinoa kisu na kumpunguzia mnyama mateso ni amri ya dini, na hakinolewi mbele ya mnyama. Kwa nyumba za Kikristo zinazomwita Mwislamu achinje ili kila mgeni ale, muulize atatumia kisu gani, au mwandalie kizuri. Mnyama hastahili kuteswa kwa sababu mwenye sherehe hakuona haja ya kunoa.

Tukija kwenye kunoa, nunua kinoo chenye pande mbili, wa kukwaruza na wa kulainisha. Kiloweshe. Ubapa ulale kwa pembe ya nyuzi 20 hivi. Ukitaka kuijua pembe hiyo bila kipimo, chukua kona ya karatasi, ikunje katikati, kisha ikunje tena: umepata nyuzi 22 na nusu, inatosha. Sukuma kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha, idadi sawa kila upande, mpaka uhisi ukingo mdogo uliokunjika upande wa pili, ndipo uhamie upande laini kuuondoa. Kipime kwa ngozi ya nyanya mbivu. Kikali hukata bila kugandamizwa. Acha kunolea kwenye saruji ya baraza. Na ukimpa fundi wa mtaani mwenye jiwe la kuzungusha kwa baiskeli, simama naye: akigandamiza mno, chuma kinapata moto, makali yanakuwa ya bluu, na hapo ugumu umekwisha. Mwombe achovye kwenye maji kila mara.

Kisu hiki kisimenye ndizi. Utomvu wa ndizi mbichi unakiachia chuma cha kaboni madoa meusi, na pilikapilika za mtori na machalari zitamaliza makali uliyoyatafuta kwa shida. Baada ya kazi kifute kikauke, kipake mafuta kidogo ya kupikia na kitundike. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi kipindi cha masika, kwa sababu ala inashika unyevu na utakikuta na kutu.

Kama fedha yako inatosha kisu kimoja tu, chukua cha springi, sentimita 12, msuka mzima, kwa mhunzi unayeweza kumrudia kikilegea. Na kama haitoshi kununua kisu pamoja na kinoo, anza na kinoo. Ukinoe kile ulichonacho mpaka fedha ya kingine ipatikane.