Mtoto Mgeni Darasani: Kimya Chake Si Ujinga

Shule za Kakuma na Kalobeyei, Kaunti ya Turkana, hupokea watoto kutoka Sudan Kusini, Somalia, Burundi na Kongo. Wengine walianza masomo kwa Kiarabu au Kifaransa. Hapa, kuanzia Gredi ya 4, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto hodari wa hesabu anaweza kufeli kwa kutoelewa swali tu.

Walimu wanahimizwa:

• Mpimeni kwa tarakimu kabla ya kumshusha darasa.
• Mketisheni na mwenzake anayejua lugha zote mbili.
• Msiruhusu achekwe akikosea matamshi.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana la kufanya: amsimulie mtoto hadithi kwa lugha ya nyumbani. Msingi huo ukiwa imara, lugha ya pili hushika upesi.