Wepesi wa Kusoma na Ufahamu: Mambo Mawili Yakuayo Pamoja

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu huridhika upesi mno na mtoto wa darasa la pili asomaye bila kukwama. Katika shule moja ya kijijini wilayani Iramba nilimsikiliza mtoto wa namna hiyo akisoma ubaoni: "Bibi alianika alizeti uani. Kuku wakaja. Alipotoka ndani akawafukuza, lakini zilikuwa zimekwisha kupungua." Hakukosea hata silabi moja. Nilipomwuliza ni nini kilichopungua, alijibu, "Kuku."

Jibu hilo lafaa kuchunguzwa, si kuchekwa. Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo. Kwa hiyo mtoto aliyekwisha kuzijua silabi aweza kutamka hata neno asilolijua maana. Masikio ya mwalimu hudanganyika kwa urahisi. Mtoto huyo hupandishwa darasa la tatu akihesabiwa kuwa msomaji, na huko hutakiwa kujifunza masomo mengine kwa kusoma. Hapo ndipo aanzapo kuitwa mzito.

Wako pia watoto wa upande wa pili. Hao husoma "a-li-ze-ti" kwa taabu, na wafikapo mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kuwatoka. Mwaka 1974 LaBerge na Samuels wa Marekani walieleza kwamba uangalifu wa msomaji una kikomo: ukitumika wote katika kutambua maneno, haubaki wa kutafuta maana. Gough na Tunmer, mwaka 1986, waliufananisha ufahamu wa kusoma na zao la kuzidisha utambuzi wa maneno na uelewaji wa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, zao nalo ni sifuri.

Katika lugha yetu mambo haya mawili hukutana hasa katika viambishi. Msomaji mwepesi hulitazama neno "alipotoka" na papo hapo huona mtendaji, wakati na tendo. "Zi-" ya "zilikuwa" humrudisha kwenye alizeti, kwa kuwa kuku wamekwisha kupewa "wa-". Mtoto wa Kinyaturu au wa Kinyiramba hupata msaada hapa, maana lugha ya nyumbani kwao nayo ni ya Kibantu na ina upatanisho wa ngeli. Mtoto wa Kihadzabe, kule Mkalama, hana msaada huo. Yafaa asikie na kusema sentensi nyingi za Kiswahili kabla ya kupewa kuzisoma.

Kwa sababu hiyo hiyo, tusiazime vipimo vya idadi ya maneno kwa dakika kutoka Kiingereza. "Hawakutusomesha" ni neno moja tu kwetu.

Ufahamu nao huuongoza wepesi. Andika ubaoni "Mama Asha amekuja" na "Mama, Asha amekuja," kisha uliza ni nani aliyekuja. Mtoto asiyeelewa hataweza kutua mahali panapopasa, hata umwonyeshe mkato mara kumi.

Kwa mazoezi, Samuels alishauri mwaka 1979 kifungu kifupi kisomwe tena na tena. Penye uhaba wa vitabu, sentensi nne ubaoni zatosha. Lakini kila mara ya kusoma iwe na swali lake, litolewe kabla: mara ya kwanza, nani yumo, mara ya pili, kilichopungua ni nini, na neno gani limetujulisha, mara ya tatu, wasome wawiliwawili, mmoja akisikiliza kama mwenzake anatua vema. Darasa zima likisoma pamoja kwa sauti, wengi hukariri. Onyesha kwa kijiti neno la mwisho, kisha la katikati, uwaone watakaonyamaza. Hao uwaite mbele karibu nawe, wasome polepole, na usiwaharakishe kwa ajili ya kumaliza andalio la somo.

Yule mtoto wa Iramba nilimwomba asome tena, akitafuta neno liwezalo kuwa la kuku. Alipofika "zilikuwa" alisita kwa mara ya kwanza, akasema, "Mwalimu, kuku wangekuwa 'walikuwa'."