Bustani ya Mungu Kitulo, na Kiazi Kilicho Chini ya Ua

Juu ya milima ya Makete pana uwanda ambao watu wengi huuita Bustani ya Mungu. Jina lake la Serikali ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Ilipotangazwa mwaka 2005 ilikuwa katika mikoa miwili, Mbeya na Iringa. Tangu mwaka 2012 Makete imo katika mkoa mpya wa Njombe. Atokaye Mbeya huiacha njia ya Tukuyu penye kijiji cha Isyonje, akapanda. Atokaye Iringa hupandia Chimala, kwa barabara yenye kona 57, hata afike Matamba. Akiisha kufika juu, kama mita 2,600 toka usawa wa bahari, aona baridi, ukungu, na majani tu. Wageni wengine husikitika wakiuliza, Wako wapi simba na tembo?

Hifadhi hii haikutengwa kwa ajili ya simba. Ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Ni ndogo, kilometa za mraba kama 413. Serengeti yaizidi zaidi ya mara 35. Walakini katika majani yale wataalamu wamehesabu aina kama 350 za mimea, na miongoni mwake aina 45 za okidi ziotazo ardhini. Mvua zikiisha kushika, toka Novemba mpaka Aprili, ua hili hupokewa na lile, na uwanda hubadilika rangi. (Katika msitu wa Livingstone, ndani ya mpaka huo, yuko pia kipunji, yule kima ambaye wataalamu walimjua mwaka 2003 tu, hali wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tangu zamani. Lakini habari zake zataka somo lake zenyewe.)

Basi na tuitazame okidi, maana hapo ndipo penye jambo. Chini ya shina lake mara nyingi pana viazi viwili. Kimoja ni cha zamani. Kimelilisha shina la mwaka huu, nacho kinanyauka. Cha pili ni kipya, kigumu, kimejaa. Hicho ndicho ua la mwaka ujao. Moto wa kiangazi hupita juu ya majani na kiazi hakiungui. Ukikitoa hicho kipya, mmea wote umekwisha.

Je, mbegu hazitoshi? Tunda moja la okidi lina maelfu ya mbegu, lakini ni ndogo kama vumbi, wala hazina akiba ya chakula. Punje ya hindi huja na posho yake. Mbegu ya okidi huja mikono mitupu. Haioti isipokutana na kuvu ya namna yake katika udongo, imlishe. Na hata ikiota, hupita miaka kabla ya kutoa ua. Kwa hiyo ardhi ya namna hii ikiisha kupigwa jembe, kupanda tena si kazi ya mikono yetu. Hata miti yaweza kuiharibu. Twasifu upandaji wa misindano, na kwa haki, kwa kuwa umewapa watu wa Mufindi na Makete mbao na fedha. Lakini misindano ikipandwa juu ya majani ya asili huyatia kivuli, na maua hayo hufa bila mtu kuyakata.

Tena pana biashara. Katika nchi ya Zambia watu hupenda chakula kiitwacho chikanda: viazi vya okidi husagwa, vikachanganywa na karanga na magadi, vikapikwa hata vikashikana kama mkate. Viazi vya huko vilipopungua, wachuuzi walivuka Tunduma wakavitafuta kwetu. Kabla ya kuwekwa Hifadhi, viazi vilivyotoka katika nyanda hizi vilikadiriwa kuwa mamilioni kwa mwaka.

Tusiseme upesi kwamba wachimbaji ni waovu. Wengi walikuwa majirani wenye haja ya fedha kidogo, nao waliona kitu kisicho na mwenyewe. Faida kubwa ilikwenda kwa mchuuzi, na hasara ilibaki mlimani. Hifadhi imekataza kuchimba ndani ya mpaka wake. Lakini nje ya mpaka njaa na ada ya shule hazijakatazwa, na mchuuzi ajua njia za vilima vingine. Kwa maoni yangu, hapo ndipo darasa lizungumze kwa muda mrefu, wala katekista asiharakishe jibu.

Atakayewapeleka vijana Kitulo mwezi wa Desemba au Januari, asichimbe hata mmea mmoja ili kuwaonyesha. Siku moja kabla ya safari na awapeleke katika shamba la viazi mviringo, ang'oe shina moja. Chini wataona kiazi mama kilichokunjamana, na vipya pembeni yake. Kila mkulima wa Makete ajua kuweka mbegu kabla ya kuuza. Kisha awaulize: katika okidi, mbegu ya kuweka ni ipi, na mchuuzi hununua ipi?