Zaburi za Laana na Amri ya Kumpenda Adui



Katika mitaa ya Mchafukoge na Kariakoo neno moja hutosha kukusanya umati: "Mwizi!" Mara mtu yuko chini, na mawe yameshikwa na watu ambao wao wenyewe hawakuibiwa kitu. Baadhi yao ni waamini, na wanaweza kudai Biblia iko upande wao. Zaburi ya 58 inamwomba Mungu awavunje waovu meno; ya 139 inakiri chuki kamili kwa adui za Mungu. Lakini Yesu anatuamuru tuwapende adui zetu na kuwaombea wanaotutesa (Mt 5:44). Tufuate lipi?

Kwanza, Agano la Kale halituamuru kumchukia adui. Walawi 19:18 inaamuru kumpenda jirani, wala haiongezi kwamba adui achukiwe. Kutoka 23:4 inaagiza ng'ombe wa adui aliyepotea arudishwe kwa mwenyewe. Tena Kutoka 22:2-3 inasema anayemuua mwizi usiku akivunja nyumba hana hatia ya damu. Jua likiwa limechomoza, anayo. Na umati wetu hupiga mchana kweupe.

Pili, zaburi za laana ni sala. Anayesali ameonewa kweli na hafichi hasira yake, ila anaipeleka kwa Mungu, haokoti jiwe. Hapo anakutana na Paulo: kisasi aachiwe Mungu, na adui mwenye njaa alishwe (Rum 12:19-20).

Kanisa linajua ugumu wa maneno haya. Liturujia ya Vipindi iliyotangazwa na Papa Paulo VI mwaka 1970 haina Zaburi 58, 83 na 109, wala baadhi ya aya za zaburi nyingine. Hata hivyo zote zimebaki katika Biblia, kwa kuwa walioonewa bado wanahitaji pa kulilia.

Basi, kumpenda mwizi si kumwachia mali yako. Ni kumfikisha polisi akiwa hai, kisha kutoa ushahidi mahakamani. Mmoja wa wahalifu waliosulubiwa pamoja na Yesu alitubu saa yake ya mwisho, akaahidiwa Paradiso (Lk 23:43). Tunayempiga hadi kufa tunamnyima saa hiyo.

Kwa tafakari: siku nyingine ukisikia "Mwizi!", utakimbilia jiwe, au utasimama kati yake na umati?