Jani Lako Limefanya Nini?

Ndugu mkulima wa Hewani, ukimwambia Bwana Shamba tu kwamba mimea yako "imeharibika", bado hujamwambia neno. Kiswahili kina jina kwa kila namna ya kuharibika. Jifunze haya manne, maana dawa ya moja si dawa ya jingine.

KUJIKUNJA. Jua likiwa kali, jani la mhindi hujiviringa kama mkeka ili lisipoteze maji mengi. Likifunguka jioni, usiwe na hofu. Lakini ukilikuta bado limejikunja alfajiri, shamba lina kiu. Lipatie maji.

KUNYAUKA. Hapa jani hulegea na kuning'inia. Mnyanya ukinyauka ghafula, hali majani yangali mabichi na udongo una maji, usiongeze maji. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, utie ncha yake katika gilasi ya maji safi. Ukiona ute mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria, nao hauna dawa ya kuuponya. Ng'oa mmea na uuchome moto. Mahali hapo usipande tena nyanya, biringani, pilipili wala viazi vya kizungu kwa miaka kadhaa, panda mahindi.

KUKUNJAMANA. Jani halikukauka wala halikulegea, bali limekaa kama nguo isiyopigwa pasi. Likiwa la muhogo, tena lina mabaka ya manjano, huo ni ugonjwa wa batobato, ulioandikwa habari zake tangu mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Huenezwa na nzi weupe, na pia na wewe mwenyewe unapopanda vipande vya shina lenye ugonjwa. Chukua mbegu kwenye mihogo safi tu.

KUSINYAA. Neno hili ni la kitu kilichopungua unene hata kikafanya makunyanzi, kama punje ya mpunga iliyokosa maji wakati wa kujaa. Kabla ya kupanda, mimina mpunga wako katika ndoo ya maji. Punje zinazoelea ziondoe. Zilizozama ndizo mbegu.

Basi, kabla ya kufungua mfereji, tazama jani na ulitaje kwa jina lake. Anayemwagilia batobato hupoteza maji bure. Anayemwagilia mnyauko huupeleka ugonjwa katika shamba la jirani yake.