Kuhukumu Mchezo na Kumhukumu Mwuzaji

Siku hizi mabishano juu ya michezo ya video yamekuwa mengi kama yale ya mpira. Mmoja asema mchezo fulani ni wa kitoto, haustahili hata alama tano katika kumi. Mwenzake ajibu kwamba nyumbani kwao mchezo huo huo huchezwa na watu wote, tangu bibi mpaka wajukuu. Wa tatu adai kuwa kosa si la mchezo hata kidogo, bali ni la kampuni iliyoamua kuuuza Ulaya na Marekani ikatusahau sisi. Watu hawa watatu waweza kubishana usiku kucha wasipatane, maana kila mmoja anajibu swali lake. Katika somo hili tutayatenga maswali yao, kisha tutazame namna ya kulijibu kila moja.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Mtengenezaji ni yule anayebuni mchezo na kuandika programu yake. Mchapishaji ni kampuni itoayo fedha, inayoutangaza mchezo, na kuamua utauzwa wapi, lini, na kwa mashine gani. Mhakiki ni yule aupimaye mchezo na kuwaeleza wengine kama wafaa kununuliwa. Makosa mengi katika mabishano yetu hutokana na kumlaumu mmoja kwa kazi ya mwenzake.

1. MCHEZO MWEPESI NI UPI?

Mchezo mwepesi si lazima uwe mchezo mbaya, wala mchezo usiotaka akili. Ni ule ambao mtu aweza kujifunza kwa dakika chache, akacheza kidogo, kisha akauacha na kuendelea na shughuli zake. Mchezo mzito hutaka saa nyingi, na pengine mashine ya bei kubwa.

Mfano wa nyumbani ni karata. Mchezo wa matatu wajulikana sana hapa Uganda. Kila mchezaji hupewa karata saba, na shabaha yake ni kuzimaliza zote za mkononi. Karata ya mbili humlazimisha mwenzako kuokota mbili, ya nane humnyima zamu yake, na saba ya aina iliyofunuliwa mwanzoni hukata mchezo papo hapo, kisha karata zilizobaki huhesabiwa. Mwenye hesabu ndogo ndiye mshindi. Mtoto aweza kuujua kwa jioni moja. Hata hivyo mtu aliyeificha saba ile mkononi, akingoja mwenzake ashike karata zenye hesabu kubwa, anatumia akili na subira. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Kola Studios, kampuni ya papa hapa Kampala, iliutia mchezo huo katika simu za Android. Mhakiki wa mbali ambaye hajapata kuketi na watu wakicheza matatu ataona karata tu. Sisi tutauliza kwanza kama simu inaikata saba ipasavyo.

Sasa twende mbali. Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine iitwayo Wii, na pamoja nayo mchezo wa Wii Sports. Ndani yake mlikuwa na tenisi, besiboli, gofu, ndondi, na ule mchezo wa kubingirisha tufe ili kuangusha pini. Badala ya kubonyeza vitufe vingi, mchezaji aliizungusha rimoti hewani kama mtu ashikaye raketi. Wahakiki waligawanyika. Wengine walifurahi, wengine walisema picha zake ni hafifu, na mtu humaliza kuona yote upesi. Metacritic, ambayo hukusanya alama za wahakiki wengi na kutoa wastani, iliupa 76 katika 100. Lakini nakala zaidi ya milioni 80 ziliingia majumbani.

Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Mashabiki wa michezo mizito walisema wahakiki wamewalegezea wageni wasiojua michezo. Mashabiki wa michezo myepesi walisema mauzo yamekwisha kutoa hukumu. Tuzipime hoja zote mbili. Ya kwanza ina kasoro, maana bibi anayecheza kwa mara ya kwanza naye ni mchezaji, na fedha yake ni fedha. Ya pili nayo ina kasoro, kwa sababu katika nchi nyingi Wii Sports haikuuzwa peke yake. Ilitiwa ndani ya boksi la mashine. Mtu aliyepewa sahani pamoja na meza hawezi kuhesabiwa kuwa ameichagua sahani. Basi wingi wa nakala ni ushahidi, ila si ushahidi wa kutosha.

2. MIZANI YA MHAKIKI

Mhakiki wa haki hujiuliza maswali manne kabla ya kuandika alama.

Kwanza, mchezo huu umetengenezwa kwa ajili ya nani? Kuulaumu mchezo wa dakika tano kwa kuwa hauna hadithi ndefu ni kama kulilaumu bao kwa kuwa halina wachezaji kumi na mmoja. Bao la Waganda, omweso, lina mashimo 32 na kete 64 tu, wala hakuna aliyewahi kuliona pungufu kwa sababu hiyo.

Pili, je, umetimiza ahadi yake? Mchezo ukiahidi kwamba mtu aweza kucheza bila intaneti, kisha ukakwama bando linapokwisha, umevunja ahadi, hata uwe mzuri namna gani.

Tatu, mhakiki aliucheza kwa saa ngapi, na kwa mashine ipi? Mchezo uendao vizuri kwa simu ya bei kubwa waweza kugandaganda kwa simu ambayo wengi wetu twaitumia. Mhakiki asiyetaja simu yake amemficha msomaji neno kubwa.

Nne, sababu za alama zi wapi? Alama bila sababu ni kelele. Sababu bila alama yaweza kumfaa msomaji vizuri sana.

Lakini tusije tukaigeuza mizani hii kuwa kinga. Mchezo mwepesi unaokatiza mchezaji kwa matangazo kila dakika, au unaomvuta mtoto kutumia fedha za mzazi kidogo kidogo, ustahili lawama zote. Wepesi wa mchezo hauondoi wajibu wa kuwa mwaminifu.

3. KWA NINI MCHEZO HUUZWA KULE USIUZWE HUKU?

Mchapishaji hupiga hesabu. Upande mmoja huweka gharama: tafsiri, matangazo, ada za maduka, mitambo ya kuwaunganisha wachezaji, na njia za kupokea malipo. Upande wa pili huweka wanunuzi anaowatazamia. Upande wa kwanza ukizidi, mchezo hautoki.

Mfano maarufu ni Xenoblade Chronicles, mchezo mzito wa mashine ile ile ya Wii. Ulitolewa Japani mwaka 2010, na Ulaya mwaka 2011. Nintendo ya Marekani haikuonyesha dalili ya kuuleta. Katika mwaka huo wa 2011 mashabiki wakaanzisha juhudi waliyoiita Operation Rainfall, wakaandika barua na kuomba kwa adabu mchezo huo pamoja na mingine miwili. Xenoblade ukatolewa Marekani ya Kaskazini mwezi wa Aprili 2012. Angalia jambo hili: tafsiri ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kulipiwa kwa ajili ya Ulaya. Mashabiki hawakuomba muujiza. Waliomba kitu ambacho gharama yake ilikuwa imepungua, nao walionyesha kwamba wanunuzi wapo.

Na sisi je? Sony haikufungua huduma yake ya PlayStation kwa Uganda. Kwa hiyo vijana wengi wenye mashine hizo hufungua akaunti wakijiandika kuwa wakazi wa Uingereza au Marekani, jambo ambalo ni kinyume cha masharti, nao wakigunduliwa waweza kufungiwa. Tena kuna hasara ya pili ambayo wengi hawaioni. Katika daftari za kampuni kijana wa Ntinda huhesabiwa kuwa mtu wa London. Mwisho wa mwaka mchapishaji akitafuta wanunuzi wa Kampala haoni mtu, akasema, "Huko hakuna soko." Hivyo njia tunayoitumia kuuzunguka mlango uliofungwa ndiyo inayomfanya mwenye mlango asione haja ya kuufungua.

4. ALAMA ZIKIGEUKA FIMBO

Mwezi wa Februari 2024 ulitoka mchezo wa Helldivers 2, uliotengenezwa na Arrowhead ya Sweden na kuchapishwa na Sony. Watu wengi waliununua kwa kompyuta katika duka la Steam, nao waliusifu sana. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo Sony ilitangaza kuwa wachezaji wa kompyuta watalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation. Wachezaji walikasirika, na katika siku chache waliandika hukumu mbaya zaidi ya 200,000. Wakati huo huo mchezo uliondolewa dukani katika nchi zaidi ya 170 zisizokuwa na huduma ile, nyingi za Afrika zikiwa miongoni mwake. Baada ya siku chache Sony ilighairi sharti lake.

Wengi walishangilia kuwa ni ushindi wa wachezaji. Ni kweli, ila si kweli yote. Hata baada ya sharti kufutwa, nchi zile hazikurudishiwa mchezo dukani wakati ule. Waliokwisha kuununua walipata nafuu. Aliyekuwa Afrika na bado hajanunua alibaki nje, na kelele zikatulia.

Hapa pana mambo mawili ya kujifunza. La kwanza: hukumu zile 200,000 hazikuwa juu ya mchezo. Mchezo wa jana ulikuwa ndio mchezo wa leo. Kilichobadilika ni uamuzi wa mchapishaji. Msomaji aliyetaka kujua kama mchezo ni mzuri hakupata msaada, na watengenezaji walipigwa kwa sharti la mwuzaji. Hata hivyo tusiwahukumu kwa haraka, maana wachezaji hawakuwa na mahali pengine ambapo sauti yao ingesikika. La pili: umati hupigania lile linalouma umati. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tukingoja mashabiki wa nchi nyingine watusemee, watasema mpaka shida yao iishe.

5. YANAYOTUPASA

Wewe mwanafunzi, ukiandika juu ya mchezo, tenga aya mbili. Ya kwanza iwe juu ya mchezo wenyewe kwa mizani ile ya maswali manne. Ya pili iwe juu ya mwuzaji: bei, nchi, malipo, masharti. Msomaji atajua ni nani anayesifiwa na ni nani anayelaumiwa. Tena anza na michezo ya hapa kwetu, kwa sababu mtengenezaji wa Kampala ataisoma hukumu yako na pengine kuitumia.

Nanyi ndugu zetu mliomaliza shule, mlio katika mabenki, makampuni ya simu na ofisi za sheria, mnazo nguvu ambazo sisi hatunazo. Wanunuzi wengi hapa hulipa kwa fedha za simu, wala hawana kadi ya benki. Kila njia mpya ya malipo iliyo halali humfanya mchezaji wa Uganda aandikwe kwa jina la nchi yake, na hiyo ndiyo hesabu anayoisoma mchapishaji.

MASWALI YA KUJIZOEZA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya mtengenezaji, mchapishaji na mhakiki.
2. "Mchezo ulionunuliwa na wengi ndio mchezo bora." Toa hoja moja ya kukubali na moja ya kukataa.
3. Kwa nini barua za mashabiki wa Xenoblade zilikuwa na nguvu zaidi baada ya mchezo kutolewa Ulaya?
4. Chagua mchezo mmoja wa simu uuchezao. Andika uhakiki wa maneno 200, ukitaja simu uliyoitumia na saa ulizocheza.
5. Andika barua ya heshima kwa mchapishaji mmoja, ukimweleza kwa sababu tatu kwa nini aiweke Uganda katika orodha yake.